Mama Plasta na kifaranga wa kitanda cha joto

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, daktari hajapita na chai haijachemka, mwanamke mmoja anaingia wodi ya wazazi ghorofa ya pili akiwa na mkasi mkononi. Hasalimii mtu. Si kwamba hana adabu. Wa kumwitikia ndiye hayupo. Wauguzi wawili walio dawatini wamezama ghafla kwenye daftari la makabidhiano, utadhani ndiyo mara ya kwanza kuliona.

Anapita vitanda vya kina mama, anasukuma mlango wa kioo, anaingia chumba kidogo chenye joto. Humo wanalazwa watoto njiti, wale waliozaliwa kabla ya wakati. Vitanda ni vitatu. Viwili taa zake zilikufa zamani, sasa vinawekewa nepi. Cha tatu ni kipya, kinatoa joto sawasawa, na ndani yake amelala binti wa kilo moja na gramu mia tatu.

Ubavuni mwa kitanda hicho, pale pale macho ya mama yanapoangukia akikaa kumtazama mwanawe, kuna picha ya kifaranga wa njano aliyevaa kofia. Plasta nyeupe iliyomfunika jana imebanduka na kujikunja kama ganda la chungwa. Kifaranga anachungulia kwa jicho moja.

"Umeamka?" mwanamke anamwambia. "Haya, rudi ulale."

Anatoa roli ya plasta kwenye mfuko wa aproni, anakata vipande viwili kwa mkasi, anavibandika, anavipapasa kwa kidole gumba mpaka kona zishike. Kazi ya dakika moja. Ameifanya kila asubuhi kwa miezi mitano, hata siku zake za mapumziko, maana joto la kitanda linaila gundi na jioni plasta huwa imeshaanza kuachia.

Wodini wanamwita Mama Plasta. Zamani lilikuwa jina la utani, akiitwa anaitikia na kucheka. Siku hizi linatajwa akishageuza mgongo, na anayelitaja hacheki.

Ana miaka hamsini na minne, na ishirini na tisa kati ya hiyo ameimalizia kwenye wodi za wazazi. Ni muuguzi mkunga, na kwa miaka tisa sasa ndiye mshauri wa unyonyeshaji. Cheo ni kikubwa kwa kutamka tu. Ofisi yake ni kiti kimoja, pazia la maua lililopauka, na mwanasesere wa soksi aliyeshikwa vibaya na wazazi wapya mpaka shingo imelegea.

Kazi yenyewe ni kukaa. Anakaa na mama aliyejifungua jana, anamsogezea mto, anamlaza mtoto tumbo kwa tumbo na mamake, anasubiri mdomo ufunguke. Anamwonyesha namna ya kukamua dang'a, yale maziwa ya kwanza ya manjano, tone kwa tone kwenye kijiko.

"Watu wanadhani kunyonyesha kunakuja kwenyewe kama kupiga chafya," anasema. "Thubutu! Kuna mama analia siku tatu. Anataka mtu wa kukaa naye, basi."

Sehemu ya pili ya kazi ndiyo iliyomtia matatani. Mwaka 1981 nchi za dunia, katika mkutano wao mkuu wa afya, zilipitisha kanuni ya kimataifa kuhusu uuzaji wa maziwa ya kopo na chupa za watoto. Kwa lugha ya mtaani: kampuni ziuze, lakini zisiwatangazie wazazi, zisigawe makopo ya bure, na zisiifanye hospitali kuwa ubao wao wa matangazo. Kanuni hiyo haina polisi. Hapa kwao ina fomu.

Fomu ni kurasa nne. Anayeona kanuni imevunjwa anaandika wapi, lini na nini, anaipeleka ofisi ya afya ya wilaya. Huko zinajumlishwa kwa ajili ya taarifa ambayo nchi huipeleka kwenye vikao vya kimataifa. Kwa miaka tisa Mama Plasta amepeleka fomu arobaini na tatu. Ameandika habari za kalenda, za kalamu, za saa ya ukutani yenye picha ya chupa, za duka la dawa lililogawa makopo kwa wajawazito. Hajajibiwa hata moja.

Ya arobaini na nne iko mfukoni mwa aproni, imekunjwa mara nne. Inahusu wodi yake mwenyewe, na mwisho wa kuipokea ni kesho, Alhamisi.

Kitanda kililetwa na kijana wa kampuni ya maziwa, shati limenyooka, maneno matamu. Wodi ilikuwa imeomba kitanda cha joto kwa miaka mitatu, na kila mara jibu lilikuwa moja: subirini bajeti. Kilipofika, watu walipiga makofi. Mama Plasta naye alipiga.

"Nisiwe mnafiki," anasema. "Nilipiga mpaka viganja vikauma. Halafu wakakigeuza, nikamwona kifaranga."

Ni yule yule aliye kwenye kopo dukani, na kofia yake vile vile. Mama Plasta alijaribu kumkwangua kwa wembe wa upasuaji. Rangi ni ya kiwandani, haikutoka. Kilichotoka ni barua ya onyo kwa kuharibu mali ya hospitali. Ndipo akaja na plasta. "Nilipekua taratibu zote za hospitali," anasema. "Hakuna inayokataza plasta."

Lingekuwa suala la kifaranga peke yake, pengine angebandika plasta zake na maisha yakaendelea. Lakini mama mmoja aliyeruhusiwa alirudi kliniki baada ya wiki sita akamwonyesha simu. Ujumbe ulisema: Hongera mama! Mtoto wako wa kilo mbili na gramu mia moja anaendeleaje? Je, maziwa yako yanamtosha?

"Nikamuuliza, mwanangu, uzito huu uliwapa wewe? Akaniambia, sista, mimi nilidhani ni nyinyi mliotuma." Anavua miwani, anaifuta kwa pindo la aproni. "Uzito ule niliuandika mimi, kwa mkono wangu huu, kwenye daftari letu."

Daftari hilo, ilikuja kujulikana, lilikuwa likipigwa picha kila mwisho wa mwezi na kutumwa kwa kampuni. Ndiyo ilikuwa shukrani ya kitanda. Matroni, msimamizi wa wodi, hakuficha. "Ni namba za simu tu," alimwambia. "Mtu hafi kwa kutumiwa ujumbe."

Swali lile, je, maziwa yako yanamtosha, Mama Plasta analijua linavyouma. Miaka ishirini na minane iliyopita alikuwa muuguzi mpya na mzazi mpya, na aliruhusiwa akiwa na kopo la bure kwapani. Aliona fahari, kana kwamba amepewa zawadi ya kazi nzuri.

Alimpa mtoto kopo ili naye apumzike kidogo. Kadiri alivyompa ndivyo maziwa yake yalivyopungua, kwa sababu ziwa lisiponyonywa huacha kutengeneza. Kopo liliisha siku ya kumi na sita. La pili lilikuwa la kununua, akawa analikoroga jepesi lifike mwisho wa mwezi. Mtoto akaharisha, akalazwa siku kumi na moja.

"Muuguzi mzima!" anasema, na sauti inapanda. "Nina cheti ukutani, na nimemkorogea mwanangu maji meupe. Nilikuwa namtazama anavyokonda, najiambia ni meno."

Mtoto alipona. Leo ni fundi wa lifti katika mji wa mbali, mrefu kuliko milango mingi. Humpigia mamake kila Jumapili na kumtania: "Mama, mimi mzima, kila siku nagonga kichwa mlangoni. Lini utaacha kunilipia kisasi?" Mama hucheka, humuuliza amekula nini, humwambia avae soksi. Kisha simu inakatika na nyumba inanyamaza.

Mumewe alifariki miaka sita iliyopita. Hadi leo Jumapili anapika cha watu wawili kwa mazoea, anakila kile kile Jumatatu, wakati mwingine hadi Jumanne. Redio huwa inaongea jikoni naye huijibu. "Inabishana kuliko marehemu," anasema.

Watu wake walikuwa wodini. Kwa miaka kumi na sita alikunywa chai ya saa nne na mkunga mmoja ambaye wote humwita Kicheko, kwa sababu akicheka ghorofa ya pili, mlinzi wa getini hugeuka. Walikuwa chanda na pete. Waligombana kwa jambo moja tu: Kicheko hukata plasta kwa meno.

"Nilimwambia, wewe, hii ni hospitali, si machinjioni, mkasi huu hapa. Ananitolea meno yote nje, ananiambia haya yalikuja duniani kabla ya mkasi."

Wiki tatu zilizopita Mama Plasta alimpelekea matroni ile fomu ya arobaini na nne aisaini kama msimamizi. Matroni aliisoma hadi mwisho, akairudisha kwa ncha za vidole. Ilipofika saa sita mchana, wodi nzima ilikuwa na habari: Mama Plasta anataka kitanda kiondolewe.

Kicheko alimfuata chumba cha chai. Hakukaa. Mjukuu wake wa kwanza, mtoto wa binti yake, alizaliwa njiti na kulala kwenye kitanda kile siku tisa.

"Aliniuliza, ulikuwepo? Nikamwambia nilikuwepo, si tulikaa wote, wewe huku mimi huku? Akasema, basi niambie, mjukuu wangu angelala juu ya kanuni?" Mama Plasta anatazama mikono yake. "Akachukua kikombe chake akatoka. Mpaka leo."

Tangu siku hiyo chumba cha chai hunyamaza akiingia. Wiki iliyopita alikuta ratiba ya zamu imebandikwa plasta, juu ya jina lake. Utani tu, walisema. Aliibandua polepole ili karatasi isichanike, lakini jina lilitoka nusu.

Siku hizi anakunywa chai stoo, amekalia maboksi ya glavu, mlango ameuacha wazi kidogo. Kwa nini wazi? "Labda mtu akipita," anasema. Ndani ya nusu saa nzima ya chai hapiti mtu.

Kicheko alipoombwa azungumze na mwandishi wa makala haya, alijibu maneno matatu: "Mimi nina kazi." Sauti ilikuwa ya chini, na mlinzi wa getini hakugeuka.

Saa tano, mama wa yule binti wa kilo moja na gramu mia tatu anaingia kumtazama mwanawe. Ni uzazi wake wa kwanza. Maziwa yake bado hayajashuka vizuri, na kila saa anajikamua anapata matone. Anakaa, anatazama kona ya plasta inayoanza kunyanyuka.

"Sista, samahani. Haya maziwa ya kifaranga ndiyo ya hospitali?"

"Nani kakwambia?"

"Si yapo hapa kitandani? Nimeona kofia."

"Huyo hafanyi kazi hapa, mwanangu. Hana hata kitambulisho."

Mama anacheka kidogo, kisha anaacha. "Lakini kama siyo, mbona mmemweka?"

Mama Plasta anavuta kiti, anachukua kijiko, na kwa dakika arobaini wanafanya kazi ya matone bila kuongea sana. Yanapatikana kama nusu kijiko. Anambusu mama huyo kwenye paji la uso kama bintiye, anainuka akijishika kiuno.

"Mimi sina ugomvi na kopo," anasema akiwa nje ya chumba. "Yupo mama mgonjwa, yupo mtoto aliyefiwa na mama, kopo ni lao, na nitawafundisha kulichanganya. Ugomvi wangu ni huyu kifaranga kukaa kwenye kitanda cha hospitali, anamwambia mama yule kwamba aliyemleta ni mimi."

Na wakikiondoa kitanda, je?

"Ndiyo maana fomu imekaa mfukoni wiki tatu," anasema. "Nikiipeleka, huenda mtoto wa mtu akakosa joto. Nisipoipeleka, nimesaini kwa kunyamaza. Jamani, niende wapi? Na wa kumuuliza ndiye huyo asiyenisemesha."

Alhamisi hakubandika plasta. Ilikuwa asubuhi ya kwanza kuikosa katika miezi mitano, kwa sababu saa kumi na mbili alikuwa tayari njiani. Ofisi ya afya ya wilaya iko mwendo wa saa mbili, na huko alikaa kwenye benchi la mbao mpaka saa saba mchana, begi mapajani, kama mtoto aliyepelekwa kwa mwalimu mkuu.

Karani wa mapokezi alizipekua kurasa nne kwa kalamu. "Sahihi ya msimamizi haipo."

"Alikataa."

"Basi andika hapo, amekataa."

Akaandika. Karani akaigeuza karatasi ya mwisho, akakuta nyuma yake kumejaa maandishi ya mkono. "Na haya ni nini, mama? Fomu haina sehemu ya maoni."

"Najua haina. Ndiyo maana nimeandika nyuma."

Karani akasoma kwa sauti, watu wa kwenye benchi wakisikiliza: "Tafadhali msikiondoe kitanda mpaka mlete kingine. Mwondoeni kifaranga. Na daftari letu lisipigwe picha tena." Akamtazama juu ya miwani, akagonga muhuri: imepokelewa.

"Itafika wapi?" Mama Plasta akauliza.

"Itajumlishwa na nyingine. Taarifa ya nchi ikienda huko kwenye kikao chao, patakuwa na mstari unasema hospitali kadhaa. Yenu itakuwa humo kwenye hiyo kadhaa."

"Mstari mmoja?"

"Nusu mstari, mama. Nisikudanganye."

Alicheka hadi akafika nje. Kisha akaketi kwenye ngazi za ofisi na kicheko kikamwishia. Watu walikuwa wanapanda na kushuka wakimkwepa.

"Nilidhani nitajisikia mwepesi," alisema. "Wapi! Najisikia mpweke tu. Najiona niko huko mbali kwenye ukumbi wao, wamekaa watu na vipaza sauti, na mimi ni hiyo nusu mstari, hakuna anayenijua."

Ijumaa, saa kumi na mbili na nusu, anaingia wodini na mkasi wake. Dawatini macho yako kwenye daftari. Anapita vitanda, anasukuma mlango wa kioo. Leo mama wa mtoto njiti amemtangulia, ameketi kando ya kitanda, na kabla hajasalimiwa anaanza kueleza.

"Sista, jana hukuwepo! Baba mtoto alikuja na kopo, lile la kifaranga. Sista mmoja, yule mwenye sauti kubwa, akamwuliza, wewe nani kakuagiza? Mume wangu akanyoosha kidole kitandani. Plasta ilikuwa imeanguka yote."

"Akasema nini?"

"Nani, yule sista? Alimtazama yule kifaranga, akatazama kopo, akatazama kifaranga tena. Akamwuliza mume wangu, kwa hiyo ulidhani ni sisi tuliokwambia? Mume wangu akasema, sasa ningedhani nini?" Mama anainua kijiko kumwonyesha. "Basi akavuta hicho kiti. Alikaa na mimi mpaka zamu yake ikaisha. Yalitoka vijiko viwili, sista. Viwili vizima!"

Mama Plasta anainama ubavuni mwa kitanda. Kifaranga amefunikwa. Plasta ni nne, zimepandana ovyo, moja imekwenda upande kabisa kama iliyobandikwa na mtu mwenye hasira. Anasogeza miwani. Ncha hazikupitiwa na mkasi. Zimechanika, zina vinyuzi vinavyoning'inia, na kwenye ncha ya plasta ya juu kuna alama za meno.

Anakaa ameinama kwa muda mrefu kuliko kazi inavyotaka. Kidole gumba kinaanza kuinyoosha ile ya upande, kisha kinaiacha. Anaurudisha mkasi mfukoni, machozi yanamtoka na hayafuti.

Anamjua aliyebandika? "Namjua," anasema. "Lakini usinitajishe, atakuja kuniuma na meno hayo hayo."

Kitanda kitabaki au kitaondoka, hajui. Jibu la wilaya, kama litakuja, litakuwa la kwanza katika miaka tisa. Matroni naye ameshasema watazungumza wiki ijayo, na hakusema kwa uzuri. Matumaini yake ni kabla hajastaafu aone kitanda cha joto kikiingia wodini cheupe kitupu, bila mnyama wala kofia, kimenunuliwa na wale wanaosema subirini bajeti. Mpaka hapo ataendelea kununua plasta, na ameshachukua fomu tupu ya arobaini na tano.

Ila leo ana mpango wa karibu zaidi. "Saa nne nakwenda kunywa chai kule kwao," anasema. "Wakinyamaza, wanyamaze nikiwepo."

Saa nne kamili anatoka stoo na kikombe chake. Chumba cha chai kinanyamaza, kama kawaida. Kicheko ameketi mezani, mgongo kaupa mlango. Hageuki. Ananyoosha mguu tu, anasukuma kiti kilicho pembeni yake, kinakwaruza sakafu mpaka kinasimama mbele ya aliyeingia.

"Hiyo plasta yako unanunua wapi?" anauliza akitazama ukuta. "Chungu kama nini!"

Mama Plasta anakaa.